Mama, Baiskeli Bado Unaiweza

Wengi wetu tuliendesha baiskeli tukiwa wasichana. Tulijifunzia ile ya baba, kubwa, yenye mtalimbo, tukipitisha mguu chini ya mtalimbo kwa sababu kitini hatukufika. Tulitumwa dukani, tulipeleka mahindi mashineni, tulifuata maji tukiwa na madumu yaliyofungwa kwenye karia kwa mpira. Wengine tuliendea shule. Kisha tukakua, tukaposwa, tukaolewa, na baiskeli ikabaki kwa kaka zetu. Hakuna aliyetutangazia kwamba mambo yale yamekwisha. Yalikwisha yenyewe.

Mwezi huu tumeona vema tuzungumze na mama aliyeacha kuendesha miaka 10, 15 au hata 30 iliyopita, ambaye pengine kila siku anaipita baiskeli iliyoegemezwa ukutani stoo. Tungependa ajue kwamba uwezo wake haujafa, umelala tu. Tena ipo njia ya kuuamsha bila kuvunja mguu na bila kuvuruga nyumba.

KWA NINI TULIACHA?

Sababu ni nyingi na hazifanani. Kwanza ilikuja mimba, halafu mtoto mgongoni, halafu mwingine. Baiskeli ya nyumbani ikawa chombo cha baba cha kwendea kazini, na haikuwa rahisi kuiomba. Ukweni tuliogopa macho ya mama mkwe na maneno ya mawifi. Barabara nazo zikajaa magari, na siku hizi pikipiki za bodaboda zinapita kulia na kushoto. Mwisho tukajiambia kwamba mtu mzima mwenye watoto hapandi baiskeli, na kwa kuwa kila mmoja alijiambia hivyo, ikawa kama sheria.

Lakini tuhesabu gharama. Mama wa kijijini anatembea saa nzima na mzigo kichwani kwenda mnadani, mwendo ambao baiskeli ingeumaliza kwa dakika 20 hivi, mzigo ukiwa kwenye karia badala ya kuikandamiza shingo yake. Mama wa mjini anatoa nauli asubuhi na jioni kwa safari fupi, kisha anakaa siku nzima kwenye kiti cha ofisi, dukani au mbele ya cherehani. Anapofika kliniki anaambiwa shinikizo la damu limepanda, sukari imeanza kusumbua, apunguze uzito, afanye mazoezi. Anarudi nyumbani akijiuliza mazoezi hayo atayafanya saa ngapi.

Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo unaosema kwamba mtu mzima anahitaji dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya kadiri kila juma. Mama anayelima na kuchota maji huenda anazitimiza dakika hizo kabla ya Jumatano. Yeye baiskeli itampunguzia mzigo. Mwenzake anayeketi kutwa ndiye anayezikosa. Akienda sokoni na kurudi kwa baiskeli, dakika 15 kwenda na 15 kurudi, siku tano kwa juma, atakuwa amefikisha 150 bila kutafuta saa ya pekee ya mazoezi. Tena baiskeli ina huruma kwa magoti, kwa sababu sehemu kubwa ya uzito wa mwili inabebwa na kiti. Mama mnene ambaye kukimbia kungemwumiza anaweza kuendesha.

MWILI HAUSAHAU

Kuna mambo tunayoyakumbuka kwa kichwa, kama majina na tarehe, nayo husahaulika upesi. Kuna mengine yanayokumbukwa kwa vitendo: kusuka, kupepeta mchele, kusonga ugali. Mwanamke aliyeugua miaka miwili bila kushika mwiko hahitaji kufundishwa upya kusonga; anashika tu, na mikono inajua. Kuendesha baiskeli ni katika kundi hilo. Baiskeli inapoanza kulalia kushoto, mikono ya aliyejifunza hugeuza usukani kidogo upande huohuo kabla hajafikiri, na magurudumu yanarudi chini ya uzito wake. Ujuzi huo umehifadhiwa ndani sana katika ubongo na hukaa kwa miaka mingi. Ndiyo maana mama aliyeacha akiwa na miaka 20 akipanda tena akiwa na 45 huyumba kwa muda kidogo, kisha mwili unakumbuka.

Hata hivyo tusidanganyane. Yapo mambo matatu ambayo hayakutungoja. La kwanza ni pumzi na nguvu za mapaja. Hizo hupungua mtu asipozitumia, na kilima tulichokipanda tukiimba sasa kitatushusha tukokote. La pili ni makalio. Siku za mwanzo kiti kitauma, na maumivu hayo huenda yakakaa juma moja au mawili kabla mwili haujazoea. La tatu ni ujasiri. Mtoto akianguka hucheka; mama mwenye watoto wanne anafikiri nani atawapikia akivunjika mkono. Hofu hiyo ni ya akili, wala si ya kuionea haya. Dawa yake ni kuanza mahali salama na kwenda kidogo kidogo.

MAMA ALIYEJIFUNZA AKIWA NA MIAKA 53

Miaka zaidi ya 100 iliyopita aliishi Marekani mwanamke Mkristo aliyeitwa Frances Willard. Tangu mwaka 1879 hadi kufa kwake mwaka 1898 alikuwa rais wa umoja wa wanawake Wakristo wa nchi hiyo waliopigana na ulevi. Alikulia shambani huko Wisconsin, akikimbia na kucheza nje pamoja na kaka yake na dada yake, mpaka alipotimiza miaka 16. Ndipo alipovishwa sketi ndefu za watu wazima, na uhuru ule wa mwili ukakoma. Tangu hapo akawa mtu wa vitabu, mikutano na safari.

Mwaka 1892 mama yake mzazi alifariki, naye mwenyewe alikuwa amechoka kwa kazi nyingi. Akiwa Uingereza kwa rafiki yake Lady Henry Somerset, ambaye alikuwa kiongozi wa wanawake wa huko katika kazi hiyohiyo, alipewa zawadi ya baiskeli. Alikuwa na miaka 53. Aliipa baiskeli hiyo jina la Gladys, kwa sababu ilimletea furaha. Siku za mwanzo vijana watatu wenye nguvu waliishika ili yeye aweze kupanda. Hakuacha. Alijizoeza kwa wastani wa robo saa kwa siku, na ilimchukua yapata miezi mitatu kuyamudu mambo manne kwa utaratibu huu: kukanyaga pedeli, kukata kona, kushuka, na mwisho kupanda mwenyewe. Mwaka 1895 alitoa kitabu kidogo kuhusu jambo hilo, na jina lake linatukumbusha maono ya nabii Ezekieli ya gurudumu ndani ya gurudumu.

Tumemleta mama huyu kwa sababu mbili. Kwanza, yeye hakuwahi kuendesha kabisa, ila sisi tuliwahi. Kama yeye aliweza kwa robo saa ya kila siku, sisi tunaorudi tuna njia fupi zaidi. Pili, baiskeli haikumwondolea kila taabu. Alifariki Februari 1898, akiwa na miaka 58. Baiskeli si dawa ya kila ugonjwa, wala hatutaki msomaji wetu aache vidonge vyake vya presha kwa sababu amenunua baiskeli. Ila katika miaka ya mwisho ya maisha yake Frances Willard alipata tena kitu alichonyang'anywa akiwa na miaka 16, nacho kilikuwa chema.

SIKU BAISKELI INAPOTOLEWA STOO

Usiipande siku hiyohiyo. Baiskeli iliyokaa miaka mingi huonekana nzima kumbe si nzima. Mpelekee fundi, na umwambie atazame haya:

Tairi na tyubu. Raba hukauka na kupasuka hata kama haikutembea. Ukiona nyufa ubavuni mwa tairi, badilisha, maana upepo unaweza kukaa leo na tairi ikapasuka kesho barabarani.

Breki. Raba za breki zikikauka huwa ngumu kama mbao na hazishiki. Kama breki zinavutwa kwa waya, waya wenye kutu hukatika siku unayouhitaji.

Mnyororo. Usafishwe kwa mafuta ya taa, ukaushwe, kisha utiwe oili. Mnyororo uliolegea sana hutoka njiani.

Gololi za magurudumu na za pedeli. Zitiwe grisi mpya. Spoki zilizolegea zikazwe, na karanga zote zifungwe sawasawa.

Kiti. Kwa majuma mawili ya kwanza kishushwe hadi nyayo zote mbili ziguse ardhi ukiwa umekaa. Ukishazoea, kipandishwe mpaka mguu ukaribie kunyooka pedeli inapokuwa chini. Ukiendelea na kiti cha chini utachoka upesi na magoti yatauma.

Kama unanunua, tafuta baiskeli ya kike, isiyo na mtalimbo. Ni rahisi kupanda na kushuka ukiwa umevaa gauni.

ROBO SAA KWA SIKU

Tafuta mahali tambarare pasipo magari: uwanja wa shule watoto wakishaondoka, au kiwanja cha kanisa siku ya kazi. Alasiri jua likipungua ndiyo saa nzuri. Mchukue mwenzako, dada au binti yako mkubwa.

Juma la kwanza usikanyage pedeli. Kaa kitini, sukuma ardhi kwa miguu kama mtoto anayejifunza, na uache baiskeli iteleze. Tazama mbele, mbali kidogo. Anayetazama gurudumu huanguka. Hapo ndipo mwili utakapoanza kukumbuka.

Juma la pili, kanyaga. Nenda umbali wa uwanja mmoja, simama, geuka, rudi. Jifunze breki: ujue mkono upi unashika gurudumu la mbele na upi la nyuma, na uzishike zote mbili kwa pamoja, polepole. Anayebana ya mbele peke yake kwa nguvu anaweza kurushwa juu ya usukani.

Juma la tatu, kata kona, kushoto na kulia, kwanza pana halafu nyembamba. Jizoeze kuachia mkono mmoja ili uweze kuonyesha unakokwenda, na kugeuza kichwa kutazama nyuma bila kuyumba. Jambo hili la mwisho ndilo linalookoa maisha barabarani, na ndilo wanaorudi baada ya miaka mingi hulidharau.

Juma la nne, beba mzigo mwepesi kwenye karia, kilo mbili au tatu, uone jinsi baiskeli inavyobadilika. Ukiona mambo yanakwenda, toka nje katika njia yenye utulivu. Ukiona bado, rudia juma lililotangulia. Mwenda pole hajikwai, na hakuna mtu anayekukimbiza.

Mtoto usimbebe kwanza. Hata ukishazoea, usimweke mtoto mdogo kwenye karia miguu ikining'inia. Mguu ukiingia kwenye spoki huumia vibaya. Awe na kiti chake chenye mahali pa kuwekea miguu.

MAVAZI YA HESHIMA NA YA USALAMA

Hapa pana maswali mengi. Kanga iliyofungwa kiunoni haifai, kwa sababu pindo lake huvutwa na mnyororo au kuingia kwenye spoki. Gauni pana linalofika chini ya goti, na suruali nyepesi ndani yake, hutunza heshima na kuacha miguu huru. Frances Willard mwenyewe, katika zama ambazo sketi zilifagia sakafu, alivaa sketi iliyoishia inchi tatu juu ya ardhi, na hilo tu lilikuwa hatua kubwa. Viatu viwe vya kufunika vidole, ndala huteleza. Kofia ngumu ya kukinga kichwa ni akiba njema kwa mama mwenye watoto wanaomtegemea.

Barabarani hapa kwetu Tanzania, na vilevile Kenya na Uganda, upande wetu ni wa kushoto, tukielekea yanakokwenda magari. Usiendeshe usiku bila taa mbele na kioo chekundu nyuma. Kwenye makutano yenye vurugu shuka ukokote. Kushuka si aibu.

MANENO YA WATU

Watasema. Walisema pia enzi za Frances Willard. Wakati huo madaktari wengine wa Ulaya na Marekani walionya kwamba mwanamke anayeendesha baiskeli atapata "uso wa baiskeli", yaani uso uliokakamaa na macho yaliyotoka. Ugonjwa huo haukuwapo, na leo hakuna anayeukumbuka.

Kwetu usemi ni mwingine: kwamba baiskeli humharibu binti na kumwondolea ubikira. Wengi tulikatazwa kwa sababu hiyo, ingawa mzazi hakuitamka. Ukweli ni kwamba maumbile ya wasichana hutofautiana tangu kuzaliwa, na hali ya utando ule haiwezi kuthibitisha kama binti amemjua mwanamume au la. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani na mashirika mengine ya Umoja wa Mataifa yalitamka wazi kwamba vipimo vya ubikira havina msingi wowote wa kitaalamu, na vikomeshwe. Usafi wa binti yako uko katika moyo wake na malezi unayompa. Usimnyime baiskeli ya kuendea shule iliyo mbali, akabaki kutembea peke yake gizani au kuomba lifti kwa wasiomtakia mema.

Wenye kusema kwamba si mila yetu, waambie watazame Ifakara, au nyanda za Shinyanga na Tabora. Huko ardhi ni tambarare, na mama juu ya baiskeli, mzigo nyuma, si jambo la kushangaza. Wanakwenda shambani, wanakwenda sokoni, wanakwenda ibadani, na nyumba zao zimesimama.

Ila kuna mtu mmoja ambaye maneno yake ni mazito kuliko ya jirani, naye ni baba watoto. Usimshtukize. Zungumza naye jioni akiwa ametulia, si mbele ya wageni. Mweleze alichosema mganga wa kliniki, nauli unayotumia kwa mwezi, saa unazopoteza njiani. Mwombe akushikie baiskeli siku ya kwanza. Mwanamume aliyekushikia kiti ili usianguke atakuwa wa kwanza kukutetea mbele ya ndugu zake. Na kama baiskeli ni moja nyumbani, pangeni siku zake na siku zako.

WAKATI WA KUNGOJA

Mama aliyejifungua karibuni angoje mpaka mganga au mkunga amruhusu, na aliyepasuliwa angoje zaidi. Mjamzito asichukue baiskeli kama chombo cha kurudia kujifunza, kwa sababu tumbo hubadilisha mizani ya mwili na kuanguka ni hatari kwa wawili. Mwenye presha isiyotulia, ugonjwa wa moyo au kizunguzungu amwone daktari kwanza. Anayetumia dawa za kisukari ale kabla ya kuondoka na awe na kitu kitamu mfukoni. Ukisikia kifua kinabana au pumzi inakata kupita kiasi, shuka, ukae kivulini, na uende hospitali, usijilazimishe kufika.

MWILI HUU SI WA KUTUMIKIA TU

Sisi akina mama tumezoea kuuona mwili wetu kama mali ya wengine: umezaa, umenyonyesha, umebeba, umepika. Hayo yote ni baraka. Lakini Maandiko yanatufundisha pia kwamba mwili ni hekalu la Roho Mtakatifu, na hekalu halitumiwi tu, hutunzwa. Mtume Paulo alipomwandikia Timotheo hakulikataa zoezi la mwili. Aliliwekea mpaka, akauweka utauwa juu yake. Nasi tuliweke hapo: baiskeli isituondoe kwenye sala wala kwenye wajibu wa nyumba, wala wajibu wa nyumba usitufanye tuone dhambi kuchukua robo saa kwa ajili ya afya yetu.

Kwa hiyo, mama mpendwa, Jumamosi ijayo mwombe kijana wako aitoe baiskeli stoo, aipanguse vumbi, na muipeleke wote wawili kwa fundi. Uliza bei ya tairi kabla ya kukubali, na simama pale utazame anavyofunga. Jumatatu jioni anza na robo saa yako ya kwanza. Mungu akulinde njiani.